Kompyuta ya Kola Kumi na Mbili

Chapchap hakupewa jina hilo na mama yake. Alipewa na watu wa mtaa, na walimpa kwa haki. Chai huinywa ingali inafuka, salamu huiitikia kabla hujaimaliza, na akikaa kwenye cherehani mguu wake unataka kukanyaga hata kama chini ya sindano hakuna kitambaa. Karakana yao ya kushona ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha mawili upande wa barabara, na ndani yake walikuwa wanawake watatu. Yeye Chapchap ndiye waliyemweka kuwa msemaji. Wa pili ni wifi yake, dada wa mumewe, mkubwa kwake kwa miaka tisa, mkataji wa vitambaa. Wa tatu walimwita Mama Vifungo, kwa sababu kazi yake ilikuwa vifungo na matundu yake, na kwa sababu mdomo wake haukuwa na hata kifungo kimoja.

Asubuhi hiyo, saa tatu kasoro, Chapchap alikuwa amesimama mbele ya meza yenye kompyuta mbili, mikono kiunoni, roho juu juu.

Ya kushoto ilikuwa yao. Kazi yake ni moja tu: unaipa picha, nembo ya shule au jina la mtu, nayo inaigeuza iwe mishono. Inapanga sindano ianzie wapi, iishie wapi, uzi upi ufuate upi. Kisha hesabu hiyo unaitia kwenye flashi na kuipelekea mashine ya kutarizi iliyo pale pembeni. Ya kulia ilikuwa ya mpiga picha, yule mwenye studio ng'ambo ya barabara. Walikuwa wanabadilishana. Na wazo la kubadilishana, tuseme ukweli, halikuwa la mpiga picha. Lilikuwa la Chapchap.

Ilianza hivi. Siku mbili nyuma alivuka barabara kuchukua picha zake za pasipoti. Wakati picha zinakatwa, macho yake yakatua kwenye stika iliyobandikwa kwenye kompyuta ya mpiga picha: tatu nukta tisa. Aliikumbuka ya kwao, maana stika hiyo alikuwa akiifuta vumbi kila siku: mbili nukta sita. Basi, fundi wa nguo akiona namba kwenye mashine anajua anasoma nini. Ubavuni mwa cherehani yao kubwa kumeandikwa mishono mingapi inashona kwa dakika, na namba ikizidi, nguo inakwisha mapema. Chapchap hakuhitaji mtu wa kumfafanulia.

"Kaka, hii yako ni tatu nukta tisa kweli?"

"Kama unavyoiona."

"Yetu ni mbili nukta sita. Tubadilishane."

Mpiga picha alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama anataka kuongezewa nyama kwenye sahani. "Una hakika, dada?"

"Mimi nikisema nimesema."

Alirudi karakana akiwa amejaa furaha, akawatangazia wenzake. Wifi aliinua uso kwenye meza ya kukatia, chaki mkononi, akauliza swali moja tu. "Umeipa kazi yetu ukaiona ikiifanya?"

"Wifi, wewe kata kola. Mambo ya namba niachie mimi."

Maneno hayo aliyasema mbele ya Mama Vifungo, tena kwa sauti ya kuchekea. Wifi aliinamisha uso akaendelea kuchora. Hakununa wala hakujibu, na hilo ndilo lililokuwa likimkereketa Chapchap mpaka leo.

Mapatano yalikuwa mepesi. Mpiga picha alete yake asubuhi, waitumie mpaka saa nane mchana. Saa nane ikifika aje achukue ya kwao, na baada ya hapo hakuna kurudi nyuma. Ikawa bahati mbaya au nzuri, siku hiyo hiyo walikuwa na sare za wauguzi za kutoa kesho asubuhi. Hospitali ilikuwa imebadili maandishi kwenye nembo yake, kwa hiyo nembo yote, mikono miwili, jani, duara la herufi na rangi saba, ilibidi igeuzwe upya iwe mishono.

"Haya, tuione," alisema Mama Vifungo akivuta kigoda karibu.

Chapchap akabonyeza. Kompyuta ngeni ikawaka papo hapo, ikafungua kila kitu, ikakaa tayari inangoja.

"Mama yangu!" Mama Vifungo alipiga makofi. "Haijapiga hata miayo! Ile yetu ukiiwasha unaweza kwenda kusuka nywele ukarudi."

Chapchap akatupa jicho kwa wifi yake. Wifi alikuwa amekunja kitambaa cheupe mara nne na anapitisha mkasi. Kru, kru, kru. Kola ya kwanza ikadondoka mezani.

Chapchap akaipa kompyuta nembo ya hospitali, akabonyeza pale pa kugeuza, na ule mstari wa kijani ukatokea chini ya kioo. Ukasogea kidogo. Ukasimama. Ukasogea kidogo tena.

Alingoja. Kungoja kwake unakujua: alipanga nyuzi kwa rangi, akazipangua, akazipanga kwa unene. Akaenda dirishani, akarudi. Mstari ulikuwa umefika robo.

"Bado haijazoea," alisema.

"Mgeni huyo," Mama Vifungo akasema. "Labda anaona haya. Au labda ni mambo ya waifai."

"Kazi hii haihitaji waifai."

"Basi labda inamhitaji wifi."

Mama Vifungo alicheka peke yake mpaka akashika mbavu. Wifi alitabasamu bila kuinua uso. Kru, kru. Chapchap hakucheka. Alilifungua dirisha la pili akasema ni joto, kompyuta hazipendi joto. Akaipepea kwa kipande cha katoni. Mstari ulifika nusu, na sasa ndipo alipoanza kujiuliza jambo ambalo hakuwahi kujiuliza hata siku moja: ile yetu huchukua muda gani?

Hakujua. Hakuwahi kuipima. Kila siku aliibonyeza, akageukia kazi nyingine, na akirudi anaikuta imemaliza. Huenda nayo ilikuwa hivi hivi, alijiambia, ila leo mimi ndiye niliyeikodolea macho. Huenda ingekuwa mbaya zaidi. Njia ya kujua ilikuwa pale pale mezani, kushoto: aiwashe ya zamani, aipe nembo ile ile, azitazame zote mbili. Lakini kuiwasha mbele ya wifi yake, baada ya maneno yale, ilikuwa sawa na kupanda juu ya meza na kutangaza, jamani, nina wasiwasi.

"Mama Vifungo, uzi wa kijani unatuishia. Kaununue."

"Upo, nimeuona kwenye kopo."

"Ule ni kijani cha majani. Mimi nataka kijani cha chupa."

Mama Vifungo alijifunga kanga akatoka, akinung'unika kwamba chupa nazo zina rangi nyingi. Wifi alibaki. Wifi hatumwi dukani, ni mkubwa. Chapchap akajisogeza mpaka mgongo wake ukaikinga meza, akanyoosha mkono nyuma kama mwizi, akaiwasha ya kwao.

Ikaguna. Ikavuma. Ikaonyesha kioo cheusi, kisha cha bluu, kisha cheusi tena. Chapchap alishusha pumzi. Unaona? Hata kuamka inaburura miguu. Alijipa moyo kiasi cha dakika tatu. Akaizima bila kuipa kazi yoyote, kwa kuwa jibu alilolitaka alikuwa amelipata, na mtu akipata jibu analolitaka hachokonoi zaidi.

Ngeni ilimaliza nembo saa tano na ushee. Chapchap akaipeleka hesabu kwenye mashine ya kutarizi, wakatoa ya majaribio, na herufi zikatoka zimebanana. Ikabidi azipanue na kugeuza upya. Mstari wa kijani ukaanza tena safari yake.

Sasa hakuweza kusimama wala kukaa. Alichukua mapindo ya makoti ya wauguzi ili angalau mikono iwe na la kufanya, akakaa kwenye cherehani kubwa, akasukuma kitambaa chini ya sindano, akakanyaga kwa nguvu zote. Cherehani ikanguruma. Meza ikatetemeka, bobini zikaruka kwenye sahani yake. Kitambaa hakikwenda.

Tuseme kilikwenda, lakini kama mtu anayetambaa kwa magoti. Alikanyaga zaidi. Sindano ilipiga mpaka haionekani, na pindo likasogea upana wa ukucha. Akainama kutazama. Kile kidude cha kuzungusha, cha kupima urefu wa mshono, kilikuwa kwenye nusu. Mama Vifungo alikuwa amekiweka hapo jana jioni kwa ajili ya matundu ya vifungo, na matundu ya vifungo yanataka mishono midogo iliyosongamana. Hakukirudisha.

Chapchap alikizungusha mpaka tatu. Akakanyaga taratibu, taratibu kabisa, karibu aibu, na pindo lote la koti likapita chini ya sindano likatokea upande wa pili.

Akabaki amekaa hivyo, mguu umetulia juu ya kanyagio.

Ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa cherehani haikubadilika. Mishono kwa dakika ni ile ile, na iliponguruma mwanzo ilipiga mishono mingi kuliko aliposhona polepole. Ila namba inahesabu sindano imeshuka mara ngapi. Haisemi kila ikishuka inasogeza kitambaa kiasi gani. Na mwenye koti hajali sindano. Anataka koti.

Tatu nukta tisa, aliwaza. Tatu nukta tisa za nini?

Akainuka akaenda kwenye meza ya kukatia. Hakwenda kwa haraka, na wifi yake aliona hilo, maana mkasi ulisimama. Mezani kulikuwa na mafungu mawili ya kola, kila moja limefungwa uzi. Pembeni kulikuwa na la tatu ambalo lilikuwa bado linakua.

"Wifi, hizi mbona umezifunga mbalimbali?"

Wifi aligusa fungu dogo. "Hizi ni za juzi. Uliposhughulika na nembo ile ya kwanza ya hospitali, kabla hawajabadili herufi, nilikata kumi na mbili, ikawa imemaliza." Akagusa fungu kubwa. "Hizi ni za leo asubuhi. Ishirini na moja. Na hizi," akaonyesha fungu la tatu, "ni za hii safari ya pili. Nimefika kumi na tano na mstari wako umepita nusu tu."

"Umekuwa ukihesabu."

"Mimi huhesabu siku zote. Nitajuaje kola zimetosha?"

"Kwa nini hukusema?"

"Uliniambia nikate kola, wifi. Nikakata."

Hakulisema kwa kuchoma. Alilisema kama mtu anayetaja kipimo cha kiuno. Chapchap angefurahi zaidi kama angepigiwa kelele.

Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro dakika kumi. Dirishani alimwona mpiga picha akivuta mlango wa studio yake. Chapchap akapiga hesabu ya haraka, ile aliyoizoea. Akinyamaza, nani atajua? Nembo itakwisha tu, hata kama jioni. Mama Vifungo ameona kompyuta inaamka mara moja na hilo linamtosha kusimulia mtaa mzima. Wifi hatasema, maana angetaka kusema angeshasema. Watakata kola ishirini na moja pale walipozoea kukata kumi na mbili, leo na kesho na mwakani, na polepole kila mtu atasahau kwamba ilikuwa vingine. Ila wifi atakuwa anahesabu. Kila nembo, kru, kru, kru, mpaka ishirini na moja.

Mpiga picha aliingia na bashasha zake, akifuatana na Mama Vifungo aliyeshika uzi wa kijani cha chupa alioutafuta duka kwa duka tangu asubuhi.

"Hamjambo humu! Dada, umeridhika?" Hakungoja jibu. Alipiga magoti chini ya meza akaanza kuzifuata nyaya za kompyuta ya kushoto. "Leo leo nina picha za harusi mia tatu. Nimemwahidi bibi harusi."

"Kaka, acha huo waya."

"Usijali, sitakosea, najua upi ni upi."

"Acha. Nimekosea mimi."

Neno lilimtoka kama mwiba wa samaki, kwa kukohoa. Mama Vifungo alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu karakana ianzishwe hakuna kilichotoka.

Mpiga picha alijitokeza chini ya meza, buibui kwenye nywele. "Umekosea nini? Si ulisema ukisema umesema?"

"Nilisema. Na sasa nasema tena. Kompyuta yako kwa kazi yetu ni goigoi."

"Yangu? Tatu nukta tisa hii? Namba imepungua tangu asubuhi?"

"Njoo." Chapchap alichukua vipande viwili vya kitambaa, akakaa kwenye cherehani. Cha kwanza alikishona kwa mshono wa nusu, akakanyaga mpaka kuta zikaitika. Cha pili akakishona kwa mshono wa tatu, mguu laini. Akampa vyote viwili mkononi. "Kipi kimeshonwa na cherehani yenye mbio?"

Mpiga picha alivitazama. Kimoja kilikuwa kimeshonwa urefu wa kidole. Kingine kilikuwa kimeshonwa chote.

"Cherehani ni hii moja," Chapchap alisema. "Namba yako ni ile ngurumo. Mimi nilisikia ngurumo nikadhani ni nguo."

Mpiga picha alivikunja vile vipande polepole. Alikuwa na uso wa mtu mwema aliyekamatwa. "Hilo, dada, nilikuwa nalijua."

"Ulijua!"

"Yangu ni ya toleo la zamani. Namba ile inahesabu mapigo: inapiga mengi, lakini kila pigo linafanya kazi ndogo. Nilibadilisha kile kifaa cha kuhifadhia ndani ndiyo maana inaamka upesi. Yenu kila pigo linabeba mzigo, na ndani yake kuna kama mafundi wanane wanaogawana kazi. Yangu wako wawili. Kuandika barua hutaona tofauti. Lakini nembo ya rangi saba, au picha mia tatu..."

"Na ukanyamaza kimya!"

"Uliniuliza namba, nikakwambia namba. Kama ungeniuliza kazi ningekwambia kazi." Akajikuna kichwa. "Nilikuuliza una hakika. Mara moja, lakini niliuliza."

Hilo lilikuwa kweli, na Chapchap alilimeza.

"Sasa mimi nifanyeje?" mpiga picha akaendelea, safari hii bila utani. "Tulipatana. Neno lako nimelichukua nikamwahidi mtu."

"Mlipatana saa nane," alisema Wifi.

Wote waligeuka. Alikuwa ameegemea meza yake, mkasi umelala mbele yake. Wakatazama ukutani. Kulikuwa bado na dakika tatu.

"Na saa yetu iko mbele," akadakia Mama Vifungo, ambaye sauti ilikuwa imemrudia. "Kwa hiyo ziko nyingi zaidi."

"Na nani amethibitisha kwamba yangu ni goigoi?" Mpiga picha alikuwa anatafuta pa kushika. "Mmepima kwa nini?"

"Kola," Wifi akajibu. "Yako ishirini na moja. Yetu kumi na mbili."

"Kola si saa, mama."

"Mkono wangu umekata kola moja ile ile kwa miaka thelathini. Kama una saa iliyodumu hivyo, ilete tuione."

Mpiga picha alitazama yale mafungu, akatazama mstari wa kijani wa kompyuta yake, ambao wakati huo ulikuwa umesimama kabisa kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Akacheka, kwa shida, lakini akacheka. Akaurudisha waya mahali pake.

"Haya. Nitabeba yangu. Lakini nisaidieni basi, jamani, na mimi nina kazi. Niruhusuni nije na picha zangu nizipitishe hapa siku ambazo hamna nembo. Kuanzia kesho mchana, sare zenu zikishatoka. Wewe ndiye msemaji, dada. Sema neno."

Chapchap alifungua mdomo. Lile "sawa" lilikuwa limeshafika nyuma ya meno, limevaa viatu, limeshika mlango. Akaufunga mdomo.

"Siwezi kukujibu peke yangu," alisema. "Wenzangu, mnaonaje?"

Mama Vifungo alitaka kujua kwanza kama zile picha za harusi wao wataruhusiwa kuzitazama, na bibi harusi ni nani. Kisha akataka kujua kama mpiga picha atakuwa anaweka vikombe vyake vya chai juu ya meza ya nyuzi. Wifi alivuta kigoda, akakaa, akakunja mikono.

"Picha zako mia tatu zikiwa ndani, na mtu akaleta nembo ya dharura, tunazitoa au tunangoja ziishe?"

Mpiga picha akamgeukia Chapchap kwa macho ya kuomba. "Dada, si useme tu?"

"Bado tunazungumza," alisema Chapchap. Alikuwa amesimama, vidole vya mguu vinagonga sakafu ndani ya kandambili, na mikono ameifungia nyuma ili isishike kitu. Swali la wifi lilikuwa zuri. Halikuwa limemjia kabisa.

"Tena," Wifi akasema, "nina la pili. Na la tatu."